Bango la Duka Ndani ya Plaza ya Marekani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mkataba wa Pango Hadi Mkaguzi wa Mwisho

Shemeji yangu alifungua mgahawa wa pilau na chapati kwenye plaza moja kubwa, fremu ya upana wa futi 20, katikati ya saluni ya kucha na duka la simu. Bango aliliagiza kabla hata hajapaka rangi ndani: boksi la taa, kimo futi 4, upana futi 14, jina la mgahawa na picha ya sinia linalofuka moshi. Aliyelifunga alikuwa fundi wa kutundika televisheni. Jumamosi jioni likawaka, tukapiga picha, tukala. Jumanne asubuhi akakuta karatasi ya rangi ya chungwa mlangoni: bango halina kibali, limezidi ukubwa, na boksi la taa haliruhusiwi kwenye jengo lile. Siku 10 liwe limeshuka. Kabla wiki haijaisha, meneja wa plaza naye akaleta barua ya kumdai matengenezo ya ukuta, kwa sababu yule fundi alikuwa ametoboa matundu 16 kwenye ukuta ambao kumbe si tofali bali ni povu lililopakwa plasta.

Mimi nafanya kazi kwenye karakana ya mabango, na shemeji alijua. Aliogopa kuniuliza akidhani nitamtoza. Bango lile sasa limelala gereji kwake, tunaliwekea vikombe vya chai. Yafuatayo ndiyo ambayo ningemwambia kama angeuliza, na nayaandika kwa Waswahili wote wanaokaribia kukodi fremu kwenye plaza za huku, iwe ya mgahawa, saluni, duka la vitenge au ofisi ya kutuma pesa.

Kwanza ujue una mabwana watatu

Nyumbani wengi tumezoea bwana mmoja wa mabango: halmashauri au kaunti. Unalipa ada ya mwaka kulingana na ukubwa, unapewa risiti, basi. Huku, ndani ya plaza kubwa, wako watatu, na hawaulizani.

Wa kwanza ni mji, kupitia sheria za zoningi, yaani zile zinazogawa ardhi ya mji katika kanda za makazi, biashara na viwanda, na kusema nini kinaruhusiwa wapi. Ndani yake, au kando yake, kuna sura nzima ya mabango. Wa pili ni mpango wa mabango wa plaza yenyewe. Miji mingi humtaka mwenye plaza kubwa apeleke mpango mmoja unaohusu maduka yote: herufi za namna gani, rangi zipi, zikae wapi ukutani. Mji ukishaupitisha, mpango ule unakuwa na nguvu ya sheria kwa plaza hiyo. Wa tatu ni mkataba wako wa pango, ambao mara nyingi una kiambatisho cha mabango mwishomwisho, kurasa ambazo mtu huzifikia akiwa ameshachoka kusoma.

Mji ukiruhusu futi za mraba 40, mpango wa plaza 30, na mkataba 24, wewe una 24. Anayebana zaidi ndiye anayesikilizwa. Na ukikubaliwa na mmoja hujakubaliwa na wengine.

Hatua ya 1: Kiambatisho cha mabango kabla ya sahihi

Hapa ndipo penye nguvu zako zote, maana kabla hujatia sahihi mwenye plaza anakuhitaji. Baada ya hapo wewe ndiye unayemhitaji. Omba kiambatisho cha mabango na mpango wa mabango wa plaza kwa maandishi, na usikubali maneno ya "usijali, bango utaweka tu." Soma ukitafuta haya.

Nani analipa na nani anamiliki. Karibu kila mara mpangaji hulipia bango, kulitunza, kulishusha siku ya kuondoka, na kurudisha ukuta ulivyokuwa. Kurudisha ukuta wa povu na plasta ni kazi ya kuziba, kusawazisha na kupaka rangi upande mzima ili kiraka kisionekane. Ukiweza, jadili kwamba utaziba matundu tu, kupaka rangi juu ya mwenye jengo.

Upana wa juu kabisa. Mikataba mingi husema bango lisizidi asilimia fulani ya upana wa fremu yako; 75 au 80 ni namba za kawaida. Kwa fremu ya futi 20, asilimia 80 ni futi 16.

Namna ya kufunga. Plaza nyingine zinataka herufi zifungwe juu ya boksi refu jembamba linalobeba nyaya, ili ukuta utobolewe mara chache. Nyingine zinalikataza kwa sababu ya sura, zinataka kila herufi ikae moja kwa moja ukutani. Tofauti hii inabadilisha bei na inabadilisha kazi yote ya karakana.

Nafasi kwenye bango la barabarani. Usidhani kwamba kwa kuwa unalipa kodi jina lako litapanda kule juu pamoja na la duka kubwa la vyakula. Vibao vile hugawanywa kwa mkataba, wakubwa kwanza, na sehemu nyingine hulipiwa kila mwezi. Kama mkataba hautaji kibao chako, huna kibao.

Muda wa mwenye plaza kujibu. Omba iandikwe kwamba akishapokea mchoro atajibu ndani ya siku kadhaa zilizotajwa. Nimeona watu wakilipa kodi miezi miwili na mlango umefungwa wakisubiri barua pepe ya meneja.

Hatua ya 2: Ujue ardhi ni ya mamlaka gani

Anwani ya posta inadanganya. Barua zinaweza kuandikwa jina la mji fulani na plaza yenyewe ikawa nje ya mpaka wa mji, kwenye ardhi ya kaunti, au ndani ya kitongoji kidogo chenye meya na kanuni zake. Ingia kwenye ramani ya viwanja ya kaunti, andika anwani, uone kiwanja kiko chini ya nani na kwenye ukanda gani. Utakuta herufi na namba, C-2 au B-3 au kitu cha namna hiyo. Ndiyo biashara, lakini C-1 ya mtaani na C-3 ya kando ya barabara kuu hazipewi ukubwa sawa wa bango.

Angalia pia kama kuna kanuni za ziada juu ya ukanda huo: eneo la kihistoria, au barabara ambayo mji umeamua iwe nadhifu. Kanuni hizo hukaa juu ya zile za kawaida na huzibana.

Kuna watu watakuambia mji wao hauna zoningi, kwa hiyo weka unachotaka. Houston, Texas, ndio mji mkubwa unaosifika kwa kutokuwa na zoningi, na una ndugu zetu wengi waliotoka Kongo. Lakini Houston ina sheria yake ya mabango, na mabango mapya ya matangazo ya barabarani ilishayapiga marufuku mwaka 1980. Kukosa zoningi hakukupi ukuta wa bure.

Kupata sheria yenyewe ni rahisi: andika mtandaoni jina la mji na maneno Sign Code. Soma sehemu ya tafsiri za maneno kwanza. Ndiyo inayochosha, na ndiyo inayokuambia kama stika uliyobandika ndani ya kioo inahesabiwa kuwa bango.

Hatua ya 3: Hesabu, kwa tepu mkononi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maombi mengi ninayoyaona yakirudishwa yanarudi kwa hesabu.

Miji mingi hukupa ukubwa kwa kipimo cha upana wa mbele wa fremu yako: kwa kila futi moja ya upana, futi ya mraba 1, au 1.5, au 2. Mji wa shemeji ni 1.5. Fremu yake ni futi 20, kwa hiyo 20 mara 1.5 ni futi za mraba 30. Boksi lake la futi 4 kwa 14 ni futi za mraba 56. Karibu mara mbili. Na angeweza kuijua namba hiyo kwa tepu ya dola chache akiwa amesimama pale nje.

Upana unaopimwa ni wa fremu yako tu, toka katikati ya ukuta wa jirani huyu hadi katikati ya ukuta wa jirani yule. Si wa jengo zima, wala si wa kioo peke yake. Ukiwa kwenye fremu ya kona, miji mingi inakuhesabia upande wa pili pia, wakati mwingine kwa kiwango kidogo zaidi. Uliza. Kona ni neema ambayo watu huilipia kodi ya juu halafu hawaitumii.

Sasa ukubwa wa bango unapimwaje? Ukitumia boksi la taa, boksi lote linahesabiwa, hata pale palipo wazi. Ukitumia herufi za 3D, zile zinazosimama mojamoja na taa za LED ndani, mji kwa kawaida huchora mstatili mmoja unaozizunguka herufi na kuhesabu huo. Miji mingine inaruhusu mistatili miwili au mitatu midogo. Hapo ndipo ujanja halali ulipo. Jina la herufi za inchi 18, yaani futi 1.5, lenye urefu wa futi 14 ni futi za mraba 21. Ukiongeza mstari mdogo chini, tuseme herufi za inchi 8 na nafasi ya inchi 4, mstatili mmoja unakuwa na kimo cha inchi 30, ambayo ni futi 2.5, na 2.5 mara 14 ni 35. Umezidi 30. Lakini mstari wa chini ukiwa na urefu wa futi 6 tu, na mji ukikubali mistatili miwili, una 21 na 4, jumla 25. Maneno ni yaleyale na ukuta ni uleule.

Herufi ya "g" na "y" zina mikia. Jina kama "Mgahawa" likiandikwa kwa herufi ndogo linashusha mstatili mzima kwa sababu ya mkia wa g moja. Likiandikwa kwa herufi kubwa tupu, mkia hakuna. Shemeji alipoamua kurudia bango, tuliokoa karibu futi 4 za mraba kwa kufuta mkia huo peke yake.

Na kusomeka? Kipimo kinachotumika sana kwenye fani ni kwamba inchi moja ya kimo cha herufi inasomeka hadi umbali wa futi 30 hivi, kama rangi zinapingana vizuri. Herufi za inchi 18 zinasomeka kutoka futi 540, na sehemu ya kuegesha magari ya plaza ya kawaida haifiki huko. Kwa hiyo usilie ukinyimwa herufi za inchi 30. Lia ukinyimwa rangi: nyekundu nzito juu ya ukuta wa kahawia haionekani usiku wala mchana.

Hatua ya 4: Maneno ni yako, rangi si lazima

Swali ninaloulizwa na Waswahili kuliko yote: je, mji unaweza kunizuia kuandika Kiswahili?

Mwaka 1989 mahakama ya shirikisho huko California iliibatilisha sheria ya mji wa Pomona iliyotaka bango lenye herufi za kigeni litenge angalau nusu ya nafasi yake kwa herufi za Kiingereza. Waliopeleka kesi walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Kichekesho kwetu ni kwamba sheria ile ililenga herufi, si lugha. "Karibu Nyumbani" ingepita bila neno, lakini bibi yangu aliyeandika Kiswahili chake chote kwa herufi za Kiarabu angekwama.

Kisha mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kesi ya mchungaji Clyde Reed dhidi ya mji wa Gilbert, Arizona. Mji huo uliyapa mabango ya siasa nafasi kubwa na muda mrefu kuliko vibao vya kanisa lake vilivyoelekeza watu kwenye ibada. Majaji wote walikubaliana kwamba mji umekosea. Tangu hapo miji imekuwa ikiandika upya sheria zake ili zipime ukubwa, kimo, mahali na mwanga, si ujumbe. Kwa hiyo karani wa kaunta akikuambia neno fulani libadilike, muulize kwa adabu kifungu gani kinasema hivyo.

Tofauti moja bado ipo, na Mahakama ya Juu iliiacha isimame mwaka 2022 katika kesi ya mji wa Austin: bango linalotangaza kitu kilichopo hapohapo si sawa na bango linalotangaza kitu kilicho kwingine. Ukiwa na duka la pili mtaa wa tatu, usilitangaze kwenye ukuta wa duka la kwanza. Hapo umejenga bango la matangazo ya barabarani, na sehemu nyingi hazitaki jipya hata moja. Vermont, Maine, Hawaii na Alaska hazina kabisa.

Wasomaji wa Montreal, Kanada, yenu ni nyingine: tangu Juni 2025 kanuni za jimbo lenu la Quebec zinataka Kifaransa kionekane zaidi kwa wazi, kikichukua nafasi mara mbili ya lugha nyingine kwenye bango. Ndugu wa Kongo mna nafuu hapo.

Rangi ni habari tofauti. Mwenye plaza anaweza kusema herufi zote ziwe nyeupe, na hana haja ya kukueleza sababu. Mji ukisema hivyo kwa alama ya biashara iliyosajiliwa, mahakama zenyewe hazikubaliani. Sheria ya shirikisho inakataza mji kulazimisha alama iliyosajiliwa ibadilishwe. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya magharibi iliitumia dhidi ya mji wa Tempe, Arizona, katika kesi ya Blockbuster, kampuni ya kukodisha kanda za video. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa inayohudumia New York ikaamua kinyume, katika kesi ya duka la Party City kwenye plaza ya Henrietta: mji unaweza kutaka mabango ya plaza moja yafanane. Kama nembo yako haijasajiliwa, mjadala huu wote haukuhusu. Chagua rangi wanayoruhusu, uendelee na maisha.

Hatua ya 5: Yale yanayokatazwa karibu kila mahali

Bango juu ya paa. Taa zinazomweka au kukimbizana. Kitu kinachozunguka. Lile jitu la puto linalochezacheza kwa upepo wa feni. Gari lililoegeshwa kando ya barabara wiki nzima likiwa na tangazo ubavuni. Zile bendera ndefu zenye umbo la unyoya, miji mingi imezichoka. Na hili linawaumiza sana watu wa saluni na maduka ya simu: mikanda ya LED ya kuzunguka fremu ya dirisha. Inauzwa kila duka, bei poa, na sheria nyingi siku hizi zinaitaja waziwazi.

Stika za kwenye vioo mara nyingi zina kiwango, asilimia 25 ya kioo ni namba utakayokutana nayo. Usizibe kioo chote kwa picha za vyakula, hata kama mji unaruhusu. Ndani panakuwa giza na mteja mpya haingii asipopaona.

Turubai la "Tumefungua" linahitaji kibali chake cha muda sehemu nyingi, kwa siku 30 au karibu na hapo, na siku zikiisha literemshwe. Kibali hiki ni rahisi na hutoka haraka. Kichukue mapema, kikubebe wakati bango la kudumu linasubiriwa.

Hatua ya 6: Kabla hujashusha bango la mpangaji aliyepita

Ukikuta fremu ina boksi la zamani juu, usiliguse bado. Inawezekana lilifungwa kabla ya sheria ya sasa na linavumiliwa kwa sababu ya umri wake. Mji unaweza kukuruhusu kubadilisha uso wake tu, ile plastiki ya mbele, na kukuachia ukubwa ambao leo hungepewa. Ukilishusha, haki hiyo inakufa siku hiyohiyo. Hata likikaa bila kutumika kwa muda fulani, sheria nyingi huhesabu limetelekezwa. Kabla ya ngazi kusimama, tuma barua pepe kwa ofisi ya mipango ya mji ukiuliza, na uhifadhi jibu.

Hatua ya 7: Umeme

Uliza fundi umeme swali moja: saketi ya bango iko wapi? Kanuni za taifa za umeme zinataka kila duka linalofikiwa na watembea kwa miguu liwe na sehemu ya umeme wa bango karibu na mlango wake, kwenye saketi ya angalau ampea 20. Kwa kawaida ni boksi dogo juu ya dari, nyuma ya ukuta wa mbele. Wapangaji waliopita huiunganishia friji. Ukiikuta inatumika, dai irudishwe kabla hujalipia waya mpya.

Bango lenyewe liwe na lebo ya UL, taasisi inayopima usalama wa vifaa vya umeme, kwa kiwango chake cha 48 cha mabango; mkaguzi ataitafuta kwa macho. Bango lililoagizwa kwa meli kwa bei ya kutupa bila lebo hiyo halitapita, na kulipeleka kukaguliwa upya kunaweza kula ile bei uliyookoa. Liwe na swichi ya kuzimia inayoonekana kutoka pale bango lilipo, ili fundi anayelitengeneza ajue hakuna mtu atakayewasha nyuma ya mgongo wake.

Kama unataka kioo cha maandishi yanayobadilika, jiandae. Kanda nyingi zinayakataa, na zinazokubali zinataka kila picha itulie, sekunde 8 mara nyingi, bila kusogea, na mwanga ujipunguze wenyewe jua likizama.

Hatua ya 8: Makaratasi, kwa mpangilio huu

Mchoro kwanza. Karakana nzuri inakuchorea: picha ya mbele ya jengo yenye bango mahali pake, vipimo vyote, ukubwa wa mraba, rangi, na mchoro wa ubavuni unaoonyesha herufi inavyoshika ukuta na boliti gani. Mpelekee mwenye plaza mchoro huo, apige sahihi juu yake. Ndipo upeleke mjini pamoja na barua yake, ramani ya kiwanja inayoonyesha fremu yako, leseni na bima ya mfungaji, na fomu ya umeme. Miji mingi inapokea mtandaoni.

Karakana isianze kukata hata herufi moja kabla kibali hakijatoka. Wenzangu wa karakana watanichukia kwa hili: lipa amana ndogo ya mchoro na kibali, na malipo makubwa yasubiri kibali. Anayetaka fedha yote siku ya kwanza anataka kukuachia wewe hasara ya kukataliwa.

Kama bango ni la kusimama chini, lile la nguzo au lile fupi lenye msingi wa matofali, hilo kwa plaza ni la mwenye jengo, si lako. Lakini ukiwa na jengo lako peke yako pembeni ya plaza, ongeza mchoro wa msingi uliopigwa muhuri na mhandisi, umbali toka mpaka wa kiwanja, na ile pembe ya wazi penye njia ya kutokea magari, ambapo hakuna kitu kinachoruhusiwa kuziba macho ya dereva. Piga 811 kabla ya kuchimba, ni bure, watakuja kuweka alama za mabomba na nyaya zilizo ardhini. Na shimo likaguliwe kabla zege halijamwagwa. Mkaguzi hakagui kilichokwisha kufukiwa.

Hatua ya 9: Ukikataliwa

Soma sababu. Nyingi ni za kurekebisha mchoro tu: kipimo kimesahaulika, sahihi ya mwenye jengo haipo. Rekebisha, rudisha.

Ukitaka kuzidi sheria yenyewe, kuna ombi la kusamehewa kanuni, linalosikilizwa na bodi ya mji mbele ya watu, majirani wakiwa wametaarifiwa na wewe ukiwa umelipa ada ambayo hairudi. Bodi haitaki kusikia kwamba biashara ni ngumu au kwamba umeshalipia bango. Inataka kitu kilichomo kwenye ardhi: fremu yako imejificha nyuma ya jengo lingine, mteremko unaficha ukuta, miti ya mji imefunika. Peleka picha zilizopigwa kutoka kwenye usukani wa gari, barabarani, mchana na usiku. Mteja wetu mmoja alipata futi 12 za mraba zaidi kwa picha nne za namna hiyo na maneno yasiyofika dakika tatu.

Hatua ya 10: Siku ya kufunga na mkaguzi

Mwambie meneja wa plaza siku na saa. Gari lenye winchi litaziba njia, na plaza nyingi zinataka kazi ifanyike asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa. Simama pale mwenyewe. Tazama fundi akitoboa: kwenye ukuta wa povu boliti lazima ipite hadi kwenye ubao au chuma kilicho nyuma, na iwe na bomba dogo la kuzuia povu lisibonyee inapokazwa. Kila tundu lizibwe kwa silikoni. Maji yakiingia hapo hutayaona hadi dari yako ianze kuchora ramani.

Taa zikishawaka subiri usiku, vuka sehemu ya kuegesha magari hadi barabarani, utazame. Herufi yenye kiza katikati ina LED zilizopangwa mbalimbali mno, na huo ndio wakati wa kudai, salio likiwa bado mfukoni mwako.

Kisha omba ukaguzi wa mwisho. Mkaguzi atapima, atatafuta lebo ya UL, atajaribu swichi, na kama ni mtu mwema atakuuliza mnapika nini. Akishapitisha, piga picha ya kibali, lebo, swichi na mchoro wenye sahihi ya mwenye plaza, uziweke pamoja na mkataba wa pango. Shemeji alizihitaji miezi saba baadaye, plaza ilipouzwa na meneja mpya akaja kuuliza ni nani aliyeruhusu bango lile jipya.